Somo: Jinsi ya kufuatilia pesa za serikali kwenye shule ya mwanao (Kenya)

Kila shule zikifunguliwa naulizwa lile lile: "Elimu si ni bure, mbona naitishwa pesa?" Naandika yote hapa.

Hatua ya 1. Jua kiwango. Kwa mwaka serikali imepanga shilingi 1,420 kwa mwanafunzi wa msingi, 15,042 wa sekondari msingi (gredi ya 7 hadi 9) na 22,244 wa sekondari ya kutwa. Hugawanywa asilimia 50 muhula wa kwanza, 30 wa pili, 20 wa tatu.

Hatua ya 2. Hakikisha mwanao yumo kwenye mfumo wa Wizara ya Elimu wa kusajili wanafunzi, ule wengi tunaoujua kwa jina la NEMIS. Asiyesajiliwa hahesabiwi.

Hatua ya 3. Uliza kilichoingia, usikisie. Hapa ndipo wazazi huharibu. Mtu anazidisha 22,244 kwa wanafunzi 300, anapata zaidi ya milioni 6.6, anasimama mkutanoni kumwita mwalimu mkuu mwizi. Pesa hizo zote haziingii kwenye akaunti ya shule. Vitabu vya kiada, kwa mfano, wizara hununua yenyewe na kuvisambaza. Mafungu nayo huchelewa, mara nyingine huja pungufu. Zinazofika zina kazi zake: shule ya msingi ina akaunti ya SIMBA kwa vifaa vya kufundishia na GPA kwa matumizi mengine, na mwalimu hana ruhusa ya kuchota za SIMBA ajengee choo. Basi uliza mambo matatu: ziliingia ngapi, lini, akaunti gani. Onyo: usimtuhumu mtu kwenye kundi la WhatsApp kabla hujaona hesabu. Ukikosea umemchafulia jina, na hakuna atakayekufungulia faili tena.

Hatua ya 4. Ukiitishwa mchango, dai risiti na idhini. Kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza karo ya masomo katika shule ya umma. Malipo mengine yanataka idhini ya Waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti, hayakusanywi bila risiti rasmi, na mtoto hafukuzwi kwa kutoyalipa.

Hatua ya 5. Ukinyimwa majibu, iandikie shule barua chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Kiswahili kinakubalika kisheria. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikataa, peleka malalamiko kwa Ombudsman, tume inayosikiliza malalamiko ya raia dhidi ya ofisi za umma.

MASWALI

Swali: Kwa ufupi, nilipe ama nisilipe?
Jibu: Hatua ya 4.

Swali: Sijasoma yote, ni ndefu. Wangu yuko bweni, naye ni bure?
Jibu: Masomo serikali inalipia, bweni unalipa wewe. Mengine yako hapo juu.

Swali: Samahani ndugu, mjukuu wangu hana cheti cha kuzaliwa. Atahesabiwa vipi?
Jibu: Bibi, swali lako ni zito na limewapata wengi huku Pwani. Anzia kwa chifu akupe barua, kisha uombe usajili wa kuchelewa kwenye ofisi ya usajili wa raia. Beba kadi ya kliniki na kitambulisho cha mzazi kama vipo. Kama familia ni ya Wapemba wa Kilifi au Kwale, walitambuliwa kuwa raia mwaka 2023, kwa hiyo usikubali kurudishwa nyumbani kwa sababu hiyo. Katiba, kifungu cha 53, inampa mtoto haki ya elimu ya msingi. Asikae nyumbani akingoja karatasi. Ukikwama niandikie.

Swali: Mimi ni mwalimu mkuu. Mnatuchochelea wazazi ilhali pesa hazijafika!
Jibu: Mwalimu, rudia hatua ya 3, nimeandika wazi kwamba huchelewa. Bandika tarehe na kiasi kwenye ubao wa matangazo, wazazi wataelekeza hasira zao wizarani.

Swali: Je, basari ya CDF (mfuko wa maendeleo wa eneo bunge) ni pesa hizo hizo?
Jibu: Hapana, hiyo ni tofauti. Ikishalipwa shuleni, hakikisha jina la mwanao limeandikiwa risiti, na deni lake la karo likapungua.

Swali: Barua ya hatua ya 5 nilipeleka, wanasema hawakuiona.
Jibu: Peleka nakala mbili. Moja wakugongee muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo.