Kabla hujamshika ndama anayeharisha

Ndama akiharisha, anayefuata kuumwa anaweza kuwa wewe, au mtoto wako. Kwa hiyo jipange kabla hujaingia bandani.

Buti za banda zibaki bandani, zisiingie jikoni hata kama umesahau kisu tu. Kata kucha. Kidonda kifunge. Humo ndani hakuna kula wala kunywa chai. Mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mtu mwenye kinga dhaifu wasimguse kabisa ndama mgonjwa.

Sasa mikono, na hapa nilikosea mwenyewe. Tulikuwa na ndama wa siku 10, amelegea, mavi ya njano ya majimaji yamemgandia kuanzia mkiani hadi kwenye kwato. Kunywa kwenye ndoo alikuwa hajajua, basi namtia vidole viwili mdomoni anyonye, huku namshusha kichwa taratibu kwenye maziwa. Nikimaliza napaka kitakasa mikono cha spiriti, naingia ndani, namkatia binti yangu embe. Nilijiona msafi kabisa. Baada ya wiki moja nikaanza kuhara maji matupu. Kesho yake mtoto naye. Macho yalimwingia ndani, akilia machozi hayatoki. Hospitalini kinyesi chake kilikutwa na kriptosporidia. Kimelea hiki kina ganda gumu: spiriti hakiiogopi, na klorini ya kutibu maji ya kunywa haikiwezi. Mikononi kinaondolewa kwa sabuni na maji yanayotiririka. Ya kunywa, chemsha. Binti yangu alinyweshwa maji ya ORS, yale ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kijiko kwa kijiko, usiku kucha, pamoja na zinki.

Kwa hiyo kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linalotiririsha maji, kiwe mlangoni pa banda, kisiishie chooni, na kijazwe kabla hujamgusa ndama. Ukishachafuka utashikaje dumu? Sugua mpaka chini ya kucha.

Mengine: ndama mgonjwa mtenge, umhudumie baada ya wazima. Anayezaliwa apate dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama yake, mapema, ndani ya saa 6. Ovaroli ifuliwe peke yake. Vifaranga msiwalelee jikoni eti kwa sababu kuna joto. Wanaweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, na wakaonekana wazima. Maziwa yachemke, hata ya ng'ombe wenu wenyewe. Mkienda kwa daktari mwambieni mnafuga, bila kungoja awaulize. Na mtoto akianza kulegea, asipokojoa, au akitoa choo chenye damu, mpelekeni usiku huohuo.