Kufuata tope la Sabaki kwa ramani ya mtandaoni

Kila mtoto wa Malindi ameona bahari ikigeuka nyekundu. Uliza tope hilo limetoka wapi, darasa litanyamaza. Mimi huanzia hapo ninapofundisha kwa Google Earth. Ukianza kwa kuzungusha dunia tu, dakika tano hazipiti watakuomba uwapeleke Old Trafford.

Hatua ya 1. Usiku wa kuamkia somo, upitie Mto Sabaki wote kwa laptopu utakayobeba na upige picha za skrini za sehemu muhimu. Niliwahi kuishiwa na bando tukiwa katikati ya Tsavo, darasa zima likabaki kutazama skrini ya kijivu.

Hatua ya 2. Kabla ya kuwasha projekta, kila kundi lichore mto huo kwenye manila. Wengi huishia darajani Sabaki. Usiwasahihishe.

Hatua ya 3. Mtoto mmoja ashike kipanya, wenzake wamwelekeze kwa mdomo, nawe kaa nyuma. Waanzie mto unapomwagikia baharini, kaskazini mwa mji, wapande nao bara. Jina Sabaki litatoweka, litokee Galana, na hapo lazima mmoja aseme mmepotea. Mwache atafute mto mwingine mpaka achoke! Wakishapita maporomoko ya Lugard watafika njia panda: Mto Tsavo unaingia kutoka upande wa Kilimanjaro, na Athi unateremka kutoka Ukambani. Hapo kelele huwa nyingi, nami huziacha. Gawanya darasa, kila upande ufuate mkono wake. Wa Athi watafika kwenye mashamba ya miteremko ya Machakos. Waambie wavute karibu, wahesabu sehemu ambazo udongo uko wazi.

Hatua ya 4. Pimeni urefu kwa rula ya ramani. Kundi moja lipige mstari mnyoofu, jingine libofye kila kona, kisha waeleze kwa nini namba hazifanani.

Hatua ya 5. Rudini baharini, mfungue picha za miaka ya nyuma, mkiangalia mwezi ulioandikwa. Wakati wa kaskazi tope husukumwa kusini, upande wa mji. Kusi hulipeleka kaskazini. Mwaka jana mtoto wa mvuvi alilieleza hilo kabla sijafungua mdomo, nikampa chaki.

Mwisho, wageuze manila ile ile wachore upya. Andaa gundi na karatasi za kuungia, kwa maana mto utakuwa umeshatoka nje ya ukingo.