Kabla ya Kuhama kutoka Shahada ya Sanaa kwenda Kada ya Afya

Mhitimu wa sanaa za ubunifu anayeishi Dodoma, aliyechoka kufuatilia malipo ya mabango ya semina na picha za harusi, kwa kawaida huanza kwa kuulizia ada za vyuo vya afya, ilhali karatasi ya kwanza anayopaswa kuitoa kabatini ni cheti chake cha kidato cha nne. Shahada aliyonayo, hata iwe ya daraja la kwanza, haizibi pengo lililoko kwenye cheti hicho. Stashahada ya Uuguzi na Ukunga, sawa na ile ya Utabibu, hudai ufaulu katika masomo manne yasiyo ya dini, yakiwamo Kemia, Baiolojia na Fizikia, na alama D inahesabika kuwa ufaulu. Mwenye B ya Kiswahili, C ya Historia, D ya Baiolojia na F ya Kemia hajafungiwa mlango, ila aongeze angalau mwaka mmoja katika hesabu zake.

Mwaka huo ni wa kurisiti, yaani kurudia mtihani wa kidato cha nne kwa masomo aliyofeli. Atajisajili Baraza la Mitihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kwa masomo ya sayansi ni muhimu achague kituo chenye maabara inayofanya kazi, kwa kuwa Kemia ina mtihani wa vitendo. Kutambua ni tone lipi la tindikali kutoka kwenye bureti lililogeuza rangi ya kiashiria ni ujuzi wa mkono na jicho, na hakuna daftari la kuazima litakalompa mtu ujuzi huo wiki moja kabla ya mtihani. Anayewaza udaktari moja kwa moja, na kidato cha sita alisoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), aliweke kando wazo hilo kwa sasa: shahada hiyo inataka Fizikia, Kemia na Baiolojia za kidato cha sita, au stashahada ya utabibu yenye wastani wa alama (GPA) usiopungua 3.0, na njia hii ya pili ndiyo iliyo karibu naye.

Suala la fedha linahitaji uangalifu zaidi kuliko ule ambao wengi hulipatia. Aliyesoma shahada ya kwanza kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo bado anadaiwa, na siku atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi, hata kama kazi hiyo haihusiani kabisa na alichosomea. Ni kweli kwamba tangu mwaka wa masomo 2023/24 Bodi imekuwa ikitoa mikopo kwa ngazi ya stashahada katika fani za kipaumbele, afya ikiwamo, lakini mtu mwenye deni la zamani asipange bajeti yake kana kwamba fedha hizo zimeshamfikia. Ahesabu ada ya miaka mitatu, malazi, sare, vifaa na nauli za mazoezi kwa vitendo. Kazi za kamera za Jumamosi zinaweza kusaidia, ingawa zamu za wodini haziahirishwi kwa sababu ya send-off ya mtu.

Kabla ya kulipa fomu yoyote, ahakikishe chuo na kozi vimesajiliwa na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia elimu ya ufundi na mafunzo ya ufundi stadi, kisha aulize wanafunzi wanafanyia wapi mazoezi, kwani chuo kisicho na hospitali ya kueleweka hutoa wahitimu wanaojua sindano kwa picha. Maombi yajazwe kwa majina yaleyale yaliyo kwenye cheti cha kidato cha nne. Jina la kisanii libaki Instagram. Chanjo ya homa ya ini aina ya B nayo ianze mapema, maana dozi zake tatu huchukua takriban miezi sita kukamilika.

Ningeshauri pia aombe ruhusa ya kushinda siku moja karibu na muuguzi anayemfahamu, aone jinsi mtu mmoja anavyopima presha, anabadilisha shuka zilizolowa, anaandika kila kitu kwenye faili, kisha anageuka kumweleza ndugu wa mgonjwa kwa nini dawa fulani haipo. Kama hilo linamchosha kwa kulitazama tu, ni bora ajue sasa. Maafisa ustawi wa jamii wanahitajika hospitalini vilevile, na kozi yao haidai Kemia.

Uhakika wa ajira nao upimwe kwa utulivu. Baada ya stashahada kuna mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga, na baada ya leseni wapo wanaojitolea kwa muda mrefu wakisubiri tangazo la ajira. Likitoka, kituo kinaweza kuwa zahanati ya kijiji huko Chemba au Bahi, mbali na Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma mjini aliyokuwa akiiota. Matangazo mengi ya utumishi wa umma huweka ukomo wa miaka 45 kwa waombaji. Mwenye miaka 30 leo, akirisiti Novemba na kuanza chuo mwaka unaofuata, atamaliza akiwa na miaka 34 hivi. Mwenye miaka 39 aelekeze macho pia kwenye hospitali binafsi na za mashirika ya dini.