Mkaguzi akiingia farmasi yako Lubumbashi: umwoneshe nini, umkatalie nini

Kabla hujafungua hata droo moja, omba karatasi ya misheni na kadi ya kazi. Soma majina ya waliotumwa, idara iliyowatuma, tarehe, na kazi waliyopewa. Anayekuja kwa ajili ya dawa ni mkaguzi wa afya wa jimbo au mtu wa ACOREP, mamlaka ya dawa. Wa DGI anafuata kodi, wa Uchumi anafuata bei. Mtu wa bei hana kazi na daftari lako la diazepamu. Nakili namba ya misheni kwenye daftari, na majina yao. Karatasi ikiwa sawa, fungua. Kumzuia mkaguzi halali ni kosa jipya juu ya yale ambayo huenda hata huna.

Mfamasia akiwa ametoka, muuzaji ampigie simu palepale, aoneshe faili, lakini asitie saini kwa niaba yake. (Jina la mfamasia ukutani huku mwenyewe anaishi mji mwingine, hilo hakuna faili litakalolificha.)

Faili liwe na ruhusa ya kufungua, uthibitisho wa mfamasia katika Oda (chama rasmi cha wafamasia), na fakitira. Sheria ya OHADA, ya biashara kwa nchi kadhaa za Afrika, inataka karatasi za biashara zitunzwe miaka 10. Fakitira iandike jina la dawa, kiasi, namba ya loti na tarehe ya kuisha. Hapa ndipo wengi huanguka: dawa iliyopita Kasumbalesa, mpakani na Zambia, ndani ya mfuko, bila fakitira, inaweza kuwa nzima kabisa, lakini mbele ya mkaguzi ni ya magendo.

Kisha kabati la kufuli: mofini, diazepamu, fenobabito. Mkaguzi mzuri huanzia hapa kwa hesabu fupi. Mwanzo wa mwezi vidonge 60 vya diazepamu, vimeingia 100, vimetoka 47 kwa karatasi za daktari. Vinapaswa kubaki 113. Akihesabu 110, usikimbilie kufuta. Tafuta karatasi ambayo haikuandikwa daftarini. Isipopatikana, andika upungufu wa 3 kwa tarehe ya leo na utie saini. Kosa likatwe kwa mstari mmoja unaosomeka. Wino mweupe juu ya namba huwa na maana moja tu machoni pa mkaguzi.

Frigo ya insulini na oksitosini iwe kati ya nyuzi 2 na 8, kipimajoto kikae katikati, si mlangoni. Andika asubuhi na jioni. Karatasi yenye nyuzi 5 siku zote 30, kwa kalamu moja, wakati mtaa mzima unajua umeme ulikatika siku mbili, inakushitaki yenyewe. Andika 11 kama ilikuwa 11, na uandike ulifanya nini na dawa zile.

Dawa zilizoisha muda ziwe ndani ya kartoni iliyofungwa, imeandikwa «haziuzwi», na orodha yake juu. Zikikutwa kwenye rafu, hakuna atakayeamini kwamba ulikuwa karibu kuzitoa.

Kama unaishi nyuma ya duka, ukaguzi unaishia dukani na stoo. Ibara ya 29 ya Katiba inalinda nyumba: haipekuliwi ila kwa namna sheria inavyotaka. Lakini ukiweka kartoni za dawa chini ya kitanda, umekifanya chumba kuwa stoo wewe mwenyewe. Majina ya wagonjwa nayo ni siri ya kazi, ibara ya 73 ya sheria ya jinai, kitabu cha pili. Mkaguzi aone daftari mbele yako. Asilipige picha kurasa nzima bila sababu iliyoandikwa.

Vyote huishia kwenye PV, karatasi rasmi ya yaliyoonekana kwenye ukaguzi. Dawa ikichukuliwa, kila mstari utaje jina, nguvu, loti, idadi na sababu. «Kartoni 2 za dawa mbalimbali» usiikubali, kwa kuwa hutaweza kudai kisichotajwa. Sampuli ikienda maabara, omba ifungwe kwa sili mbele yako. Usipokubaliana, tia saini hata hivyo, lakini juu ya saini andika: «Sikubali nukta ya 3; fakitira ya loti hii ilioneshwa.» Piga mstari kwenye nafasi zote tupu, kisha udai nakala.

Faini hailipwi mkononi. Inakuja kwa noti ya malipo ya DGRAD, idara ya serikali inayokusanya mapato yasiyo kodi, inalipwa benki, na risiti inaingia kwenye faili. Hongo humtia hatiani anayetoa pamoja na anayepokea. Ukiona umeonewa, mwandikie aliyetia saini misheni, upeleke nakala mbili, na moja urudi nayo ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe.