Jinsi ya kuomba nafasi ya uzamivu wa ikolojia na mageuko Marekani

Wengi hufungua fomu ya maombi kwanza, wakahangaika na vyeti, ndipo wakamtafuta profesa. Kwa fani hii huko ni kuanzia mkiani. Katika idara nyingi za ikolojia na mageuko Marekani, anayekupokea hasa ni profesa mmoja mwenye maabara yake. Yeye asipokuhitaji, alama zako nzuri hazikuvushi. Kwa hiyo kazi kubwa hufanyika kati ya Agosti na Oktoba, kwa sababu madirisha mengi ya maombi hufungwa Desemba.

Tafuta watu kabla ya vyuo. Soma makala za utafiti za miaka ya karibuni, uone nani kaandika na yuko wapi. Princeton imeshirikiana kwa miaka mingi na kituo cha utafiti cha Mpala kule Laikipia, Kenya, na utafiti wa simba wa Serengeti uliongozwa kwa miongo kadhaa kutoka Chuo Kikuu cha Minnesota. Ila usijifunge kwa wanaofanya kazi kwetu tu. Anayechunguza vyura wa Panama anaweza kukufaa zaidi, mradi swali lenu ni moja.

Kisha andika barua pepe, aya tatu fupi. Salamu za kuulizia familia mwekee mwalimu wako wa Morogoro. Huyu mwite Daktari au Profesa, uende kwenye hoja. Aya ya kwanza: wewe nani, na kipi katika makala yake fulani kimekugusa. Ya pili ndiyo inayopima mtu. Ukiandika "napenda sana wanyamapori", umeandika walichoandika wote. Afadhali useme: barabara kuu ya kwenda Iringa inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa takriban kilomita 50; nataka kujua kama swala huhamisha saa zao za kuvuka kufuata wingi wa malori, na kwenye utafiti wangu wa shahada ya kwanza nilijifunza kutega kamera na kuchambua data kwa programu ya R. Ya tatu ni swali moja: anapokea wanafunzi wapya mwakani? Ambatisha wasifu wa kurasa mbili. Asipojibu kwa wiki mbili, mkumbushe mara moja, basi. Na usitume barua ileile kwa maprofesa watano wa idara moja. Wanakaa korido moja hao.

Akikubali kuzungumza, na wewe muulize: wanafunzi wake humaliza kwa miaka mingapi, fedha zinatoka wapi? Waandikie pia wanafunzi wake wa sasa. Utaishi na mtu huyu miaka mitano au sita.

Fomu yenyewe ni rahisi. Shahada ya uzamili mara nyingi si lazima. Idara nyingi zimeacha GRE, mtihani wa jumla wa kuingilia masomo ya juu Marekani, na baadhi ya vyuo husamehe mtihani wa Kiingereza kwa aliyesoma chuo kinachofundisha kwa Kiingereza. Kinachokwamisha watu wetu ni majina: cheti cha kidato cha nne kina moja, pasipoti ina lingine. Rekebisha mapema. Ada ya maombi inaumiza ukiomba vyuo vingi, hivyo omba msamaha wa ada kabla ya kutuma fomu.

Barua za mapendekezo ni tatu. Wahadhiri wako wape miezi miwili, pamoja na wasifu wako na orodha ya tarehe, na uwaombe watumie anwani ya chuo. Mkuu wa idara asiyekujua ana thamani ndogo kuliko mhadhiri aliyekusimamia porini.

Usaili huwa Januari na Februari, na vyuo vingi vinakupa hadi Aprili 15 uamue. Nafasi ya kweli huja na ada iliyolipwa na posho, kwa kawaida ukifundisha vipindi vya maabara. Ya uzamivu isiyo na fedha, iache. Chuo kikikutumia fomu ya I-20, ile ya kuombea viza ya mwanafunzi, soma masharti ya viza kwa raia wa nchi yako siku hiyohiyo, maana hubadilika, na usiache kazi kabla viza haijatoka.

Kama utarudi kukusanya data Tanzania, shika mapema njia ya vibali vya utafiti: COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori). Kenya anza na NACOSTI, tume yao ya sayansi. Sampuli za damu au nywele zina kibali chake cha kuzitoa nchini, na spishi ikiwa kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya spishi zilizo hatarini, kingine juu yake.