Mgeni mwenye aleji ya paka anakuja kulala

Wenye nyumba wengi hudhani kinachomsumbua mgeni ni manyoya. Wanafagia sebule, wanamtoa paka nje asubuhi ya siku ya ugeni, na usiku mgeni anakohoa vilevile. Kinacholeta aleji ni protini zilizomo kwenye mate, mafuta ya ngozi na mkojo wa mnyama. Paka akijiramba, mate hukaukia mwilini mwake, kisha hupukutika pamoja na magamba ya ngozi yasiyoonekana kwa macho. Chembe hizo huelea hewani kwa saa nyingi na kung'ang'ania vitambaa. Hata paka akihamishwa kabisa, nyingine hubaki ndani kwa miezi.

Basi anza na simu. Muulize mgeni: ni paka au mbwa? Hupiga chafya na kuwashwa macho tu, au hubanwa kifua? Mwenye pumu inayoamshwa na wanyama mtafutie pa kulala kwa jirani asiyefuga au nyumba ya wageni, kisha aje kwako kula na kuzungumza barazani. Si kumnyima ukarimu. Usiku ndipo anapovuta hewa ya chumba kimoja kwa saa nane.

Kwa wengine, chagua chumba kimoja na ukifunge wiki nzima kabla. Mnyama asikanyage tena humo. Toa zulia na nguo zinazoning'inia. Safisha kuanzia juu: mapanga ya feni kwa kitambaa kibichi, kwani yakizunguka na vumbi lake yatalimwaga kitandani, halafu juu ya kabati, kuta, madirisha, na sakafu mwisho. Usifagie kukavu, piga deki kwa maji na sabuni. Godoro lipigie nje, mbali na dirisha, kisha ulivalishe mfuko wenye zipu au nailoni lililokuja nalo kutoka dukani. Kulianika juani peke yake hakuondoi chembe.

Kinachosahaulika zaidi ni chandarua, ambacho paka hupenda kulalia kikiwa kimekunjwa. Chenye dawa kifue taratibu kwa maji baridi na sabuni ya kawaida, ukianike kivulini, maana jua huua dawa. Shuka, foronya na mapazia yafuliwe kwa nyuzi 60 kama una mashine. Kwa mkono, loweka kwenye maji ya moto yenye sabuni, kisha suuza mara mbili. Kazi yote hii huharibika pale shuka safi zinapokunjiwa kwenye kochi la paka, au anayetandika anapokuwa na kanga ileile aliyombebea. Badili nguo na unawe kwanza.

Siku yenyewe fungua madirisha, mpe mnyama chakula nje, na mgeni mkalishe kwenye kiti cha mbao au cha plastiki badala ya kochi. Vidonge vya aleji kama setirizini au loratadini hufaa zaidi vikimezwa kabla ya kufika. Hilo aliulizie kwa mfamasia. Mwenye pampu ya pumu aiweke karibu na mto. Akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, atumie pampu na mkimbizeni hospitali hapohapo.

Na wewe unayetaka kwenda na mbwa kwa watu, uliza siku kadhaa kabla, si mlangoni ukiwa umeshika kamba. Mwenyeji akikuona naye getini hukubali kwa haya, na hapo umemlazimisha. Pwani, ambako Waislamu wengi hufuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi: chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Usimwingize ndani wala usiombe sahani ya kumnyweshea. Beba bakuli lake, kamba, tandiko, mifuko ya kuokotea kinyesi na kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Uliza pia kama kuna kuku, mbuzi au mtoto anayeogopa.

Ukiambiwa hapana, usibembeleze. Mwache mbwa kwa mtu anayemfahamu, pamoja na chakula chake cha kila siku cha kutosha, kwa sababu kubadilishiwa chakula ghafla humharisha.