Namna ya kuomba na kutafuta nyaraka za serikali ya kaunti: mwongozo kwa wakazi wa Lamu

Maombi mengi ya nyaraka hukwama kwa sababu mwombaji ameuliza swali badala ya kutaja karatasi. "Pesa za jabia letu (hodhi la kukusanyia maji ya mvua) zilikwenda wapi?" ni swali la haki kabisa, lakini hakuna faili lenye jina hilo. Afisa atalijibu kwa mdomo, ataahidi kufuatilia, na mwezi utaandama mwingine. "Naomba nakala ya mkataba wa ukarabati wa jabia, mwaka wa fedha 2023/2024" ni ombi la aina nyingine. Karatasi hiyo ama ipo ama haipo, na vyovyote iwavyo afisa anatakiwa kukujibu kwa maandishi.

Haki yenyewe imo katika Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya, na utaratibu wake umo katika Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Huhitaji wakili wala kadi ya uanahabari. Kikundi cha wavuvi au cha akina mama kinachoongozwa na Wakenya kinaweza kuomba vilevile. Kifungu cha 4 cha Sheria hiyo kinasema haki yako haiathiriwi na sababu uliyo nayo, kwa hivyo ukiulizwa "unazitakia nini?", jibu kwa upole kwamba sheria haikutaki useme.

Hatua ya kwanza: jua karatasi iko kwa nani

Si kila kitu kilicho Lamu ni cha kaunti. Zahanati, hospitali za kaunti, maji, chekechea, masoko na leseni za biashara ni vya kaunti. Shule za msingi na za upili, polisi na hati miliki za ardhi ni vya serikali ya kitaifa. Darasa lililojengwa kwa fedha za NG-CDF, yaani mfuko wa maendeleo wa eneobunge, nenda nalo afisi ya eneobunge, Lamu Mashariki au Lamu Magharibi. Bandari iliyoko Kililana iko chini ya Mamlaka ya Bandari za Kenya.

Ndani ya kaunti kwenyewe kuna milango miwili. Upande wa utendaji, yaani gavana na idara zake, barua huandikiwa Katibu wa Kaunti. Upande wa bunge la kaunti, kwa ripoti za kamati, kumbukumbu za vikao na miswada, barua huandikiwa Karani wa Bunge. Sheria inamfanya mkuu wa kila taasisi kuwa afisa wa habari, ingawa anaweza kumkabidhi mwingine kazi hiyo. Usimwandikie mwakilishi wadi wako. Anaweza kukusaidia kufuatilia, lakini yeye si mwenye faili, na barua iliyo mkononi mwake haianzishi hesabu ya siku.

Ukikosea mlango, ombi halifi. Kifungu cha 10 kinamtaka aliyepokea alipeleke kwa taasisi yenye habari hizo ndani ya siku 5 na akujulishe. Hata hivyo siku hizo ni zako zinazopotea, heri kuuliza kwanza.

Hatua ya pili: tafuta kabla ya kuomba

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo watu wengi wanaparuka. Nyaraka za fedha za kaunti hutoka kwa kalenda inayojulikana, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 imeweka tarehe. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai na kwisha 30 Juni. Mpango wa Maendeleo wa Mwaka, ambao afisini huitwa ADP, unatakiwa kufika bungeni kufikia 1 Septemba. Tathmini ya bajeti iliyopita, CBROP, ni ya 30 Septemba. Taarifa ya mwelekeo wa fedha, CFSP, ni ya 28 Februari. Makadirio ya bajeti ni ya 30 Aprili. Juu ya zote kuna mpango wa miaka mitano, CIDP, na wa sasa ni wa 2023 hadi 2027.

Zisome kwa mpangilio. CIDP na ADP zinaonyesha kilichoahidiwa, makadirio yanaonyesha kilichotengewa fedha, na ripoti za Msimamizi wa Bajeti (Controller of Budget) zinaonyesha kilichotumika. Mradi ukiwemo kwenye ADP na ukakosekana kwenye makadirio, basi hakuna mkandarasi wa kumlaumu: fedha hazikutengwa. Kuligundua hilo mapema kunakuepusha kuomba mkataba usiokuwepo.

Pa kutafuta ni hapa: lamu.go.ke kwa kaunti, cob.go.ke kwa Msimamizi wa Bajeti, oagkenya.go.ke kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, tenders.go.ke kwa zabuni, na kenyalaw.org kwa sheria za kaunti, Gazeti Rasmi na hukumu za mahakama. Tovuti ya kaunti ikiwa nzito au menyu zake hazikufikishi, itafute kupitia Google kwa kuandika:

site:lamu.go.ke filetype:pdf ADP

Badilisha neno la mwisho kwa kile unachotaka. Nyaraka nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa hivyo vifupisho na majina ya mahali hukufikisha haraka kuliko sentensi ya Kiswahili.

Sasa yanayoharibika. La kwanza ni tahajia. Shela huandikwa pia Shella, Siyu huandikwa Siu, Kiwayu huandikwa Kiwaiyu. Tafuta kwa kila namna kabla ya kusema mradi haumo. Tena Shella ni jina la wadi Lamu na pia ni jina la wadi Malindi, katika Kaunti ya Kilifi, kwa hivyo hakikisha ukurasa unaousoma ni wa kaunti yako. La pili ni nyaraka zilizopigwa picha kwa skana. Ukibonyeza Ctrl na F neno halionekani, na mtu hudhani halimo. Jaribu kuteua mstari mmoja kwa kipanya. Ukikataa kuteuliwa, hiyo ni picha, na itakubidi usome ukurasa kwa ukurasa. Anza na majedwali ya miradi, ambayo kwa kawaida huwa nyuma. La tatu: mradi mmoja unaweza kubadilika jina mwaka hadi mwaka. "Ukarabati" huwa "ukamilishaji", kijiji kikaachwa kikabaki jina la wadi. Ikiwa hivyo, fuata kiasi cha fedha na idara.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu zinastahili muda wako. Serikali ya kaunti ina ripoti yake na bunge la kaunti lina yake, kwa hivyo fungua zote mbili. Katiba inampa Mkaguzi miezi 6 baada ya mwaka wa fedha kwisha, kwa hivyo usitafute ripoti ya mwaka uliokwisha juzi. Nenda moja kwa moja kwenye sehemu inayoeleza msingi wa maoni ya mkaguzi. Humo miradi iliyokwama na malipo yasiyo na vielelezo hutajwa, mara nyingi kwa jina la mahali na kiasi. Nakili maneno yale yale, utayatumia kwenye barua.

Hatua ya tatu: andika barua

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Kupata Habari kinaruhusu kuandika kwa Kiswahili au Kiingereza. Andika kwa Kiswahili ukitaka, ila jina la waraka liache kama lilivyo kwenye jalada lake. Taasisi inaweza kuwa na fomu yake, lakini haiwezi kukataa ombi kwa sababu tu hukuitumia. Asiyejua au asiyeweza kuandika ana haki ya kusema kwa mdomo. Afisa ndiye atakayeandika, na ni lazima ampe nakala.

Ukurasa mmoja unatosha:

*Kwa Katibu wa Kaunti, Serikali ya Kaunti ya Lamu.*
*KUH: OMBI LA NYARAKA CHINI YA SHERIA YA KUPATA HABARI, 2016*
*Mimi (jina kamili), raia wa Kenya, nambari ya kitambulisho (…), naomba nakala za nyaraka zifuatazo kuhusu mradi wa (jina kama lilivyo kwenye bajeti), wadi ya (…), mwaka wa fedha (…):*
*1. Mkataba uliotiwa saini.*
*2. BQ, yaani orodha ya kazi, vipimo na bei.*
*3. Ripoti ya kamati ya ukaguzi na upokeaji wa kazi.*
*4. Hati za malipo yote yaliyofanywa hadi leo.*
*Nitazipokea kwa baruapepe (…) au kwa nakala za karatasi. Iwapo sehemu ya waraka haiwezi kutolewa, naomba sehemu iliyobaki pamoja na sababu kwa maandishi.*
*Tarehe, saini, nambari ya simu.*

Usizidishe karatasi tano kwa barua moja, na usichanganye idara mbili. Ombi la "nyaraka zote kuhusu maji tangu 2013" linampa afisa sababu halali ya kuongeza muda. Wala usiandike tuhuma. Hata kama una hakika fedha zimeliwa, barua ya ombi si mahali pake, na itamfanya afisa aipeleke kwa mwanasheria badala ya kuipeleka masijala.

BQ ndiyo karatasi tunayoithamini kuliko zote. Mkataba unakupa jumla, lakini BQ ndiyo inayosema mifuko mingapi ya saruji, mita ngapi za bomba, mabati ya unene gani. Nayo huweza kushikwa mkononi na kupimwa pale kijijini na fundi yeyote mwaminifu.

Hatua ya nne: peleka, upate muhuri

Chapisha nakala mbili. Moja inabaki afisini, nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe na unarudi nayo. Afisi za kaunti zimegawanyika kati ya kisiwa cha Amu (Lamu) na Mokowe ya bara, kwa hivyo uliza kwa simu kabla ya kulipa boti. Ukituma kwa baruapepe, omba jibu la kuthibitisha kuwa imepokewa. Lisipokuja kwa siku mbili tatu, peleka karatasi. Bila uthibitisho huo, kila kinachofuata kina mashaka.

Kuwasilisha ombi ni bure. Unachoweza kutozwa ni gharama halisi ya kutoa kopi na kukupelekea. Ukiambiwa ulipe "ada ya faili", omba risiti rasmi na kifungu cha sheria kinachoitaja.

Hatua ya tano: hesabu siku

Afisa ana siku 21 kuamua tangu alipopokea ombi. Siku ya kupokewa haihesabiwi. Barua iliyogongwa muhuri 3 Machi, siku yake ya mwisho ni 24 Machi. Akiwa na sababu, kama wingi wa nyaraka au haja ya kushauriana na taasisi nyingine, anaweza kuongeza mara moja tu, si zaidi ya siku 14, na hapo mwisho unakuwa 7 Aprili. Habari inayohusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Ukikubaliwa na ukalipia kopi, nyaraka zitolewe papo hapo au ndani ya siku 2 za kazi.

Kimya ni jibu. Siku zikipita bila neno, sheria inahesabu kuwa umekataliwa, na unaweza kusonga mbele. Kabla ya hapo, simu moja ya adabu wiki ya pili husaidia sana. Barua hukaa kwenye trei ya mtu aliye likizoni.

Wakikataa

Kifungu cha 6 kina sababu halali: usalama wa taifa, faragha ya mtu, maslahi ya kibiashara na nyinginezo. Inayotajwa mara nyingi kwa mikataba ni siri ya mkandarasi. Jibu lake liko kifungu cha 5 cha Sheria hiyo hiyo, kinachotaka taasisi ikishatia saini mkataba ichapishe yenyewe kazi inayofanywa, kiasi cha mkataba, jina la mkandarasi na muda wa kukamilisha. Kinachotakiwa kuchapishwa bila kuombwa hakiwezi kuwa siri kinapoombwa. Wakazi wa Lamu wana mfano wa karibu: katika hukumu ya 2018 kuhusu mradi wa bandari, Mahakama Kuu iliona kwamba haki ya wakazi kupata habari ilikuwa imekiukwa.

Wakisema faili limepotea, omba hilo kwa maandishi. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2015 inataka kumbukumbu za zabuni zihifadhiwe angalau miaka 6, na barua inayokiri kupotea kwake ni kielelezo kizito.

Pa kwenda ni Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Una siku 30 tangu ulipojulishwa uamuzi. Kwa mfano wetu wa kimya kilichofikia 24 Machi, usivuke 23 Aprili. Ambatanisha barua yenye muhuri, jibu kama lipo, na maelezo ya nusu ukurasa yenye tarehe tu. Tume inaweza kumwita afisa na kuamuru nyaraka zitolewe. Asiyeridhika na amri hiyo ana siku 21 kukata rufaa Mahakama Kuu. Rufaa isipokatwa, amri yenyewe inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ili itekelezwe kama hukumu.

Ukizipata nyaraka, hesabu kurasa palepale mbele ya karani kabla ya kutia saini kitabu cha kupokea. BQ hasa huwa na ukurasa wa muhtasari mwishoni, ule unaojumlisha bei za sehemu zote, na ukikosekana huwezi kulinganisha na kiasi cha mkataba.